Mtungi Uliisha Tarehe 19

Gesi ilikata sufuria ya chai ikiwa ndiyo kwanza inaanza kuimba. Ilikuwa tarehe 19 Julai, saa kumi na moja alfajiri, na anayeijua Mbeya ya Julai hahitaji maelezo zaidi. Asiyeijua nimwambie hivi: mji umekaa mita kama 1,700 juu ya usawa wa bahari, umeegemea mlima Loleza, na mwezi huo ukiamka unaiona pumzi yako chumbani kama ya ng'ombe. Mimi ni mtu wa Tanga. Nimekua nikijua baridi ni ya maji ya mtungini. Sasa mtungi wa Mbeya ndio huu: nikautikisa, nikaulaza ubavu, nikausimamisha, nikaupiga kofi. Kimya. Na mshahara ni tarehe 28.

Siku tisa. Mkaa ningenunua, lakini mwenye nyumba wetu pale Ilomba, tangu apake rangi baraza, hataki kuona jiko la mkaa hata kwa picha. Jiko la umeme la jirani nilishaliazima mara moja, likanigharimu maneno ya mwezi mzima. Nikavaa makoti mawili, nikatoka kutafuta cha kutia tumboni barabarani.

Si kwamba nilikuwa sijawahi kula barabarani. Huu ni mwaka wangu wa nne hapa, natunza stoo ya duka la pembejeo Mwanjelwa, na nilikuwa nimeshajihesabu mwenyeji. Kumbe nilichokuwa nakijua ni Mbeya ya saa mbili asubuhi na Mbeya ya saa kumi na mbili jioni, ya kwenda kazini na ya kurudi. Hizo nyingine zote zilikuwa zinanipita nimelala, au nimejifungia na magunia ya mbolea.

Nilishukia Kabwe bado giza. Mama wa uji sikumwona yeye kwanza, niliona mvuke ukipita kwenye taa za malori. Ana mkokoteni mdogo uliofungwa magurudumu mawili ya baiskeli, na juu yake ndoo mbili kubwa zenye mifuniko, zimeviringishwa blanketi la kijivu na kufungwa kamba ya katani. Moja ni uji wa ulezi, nyingine uji wa mchele uliotiwa karanga. Chini ya gurudumu ameweka jiwe ili mkokoteni usiteleze kwenda barabarani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Ugonile?"

Kinyakyusa changu kinaishia pale pale chake kinapoanzia. Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba nimelala salama, ila gesi imeniishia. Akacheka mpaka kata ikatikisika mkononi. "Basi karibu huku kwa wenzio."

Wenzangu walikuwa makondakta wa Hiace, bodaboda wawili waliovaa glavu za kulimia, na vijana wa kupakua mizigo wanaosubiri magari ya viazi. Hakuna aliyekuwa anaongea. Kila mtu ameshika kikombe kwa mikono miwili, na ukitazama vizuri utaona kwamba hawanywi bado. Wanapasha vidole. Kikombe cha jero kinafanya kazi mbili, na ya kupasha vidole ndiyo inayotangulia. Watu wa pwani tunapuliza uji upoe. Huku anayepuliza anaonekana ana pesa za kuchezea.

Nilimuuliza anaamka saa ngapi. Saa nane usiku, akasema, maana "uji wa huku hauna haraka." Nikadhani ni methali. Nilipofika stoo ndipo nikakumbuka darasa la fizikia: kadiri unavyopanda, hewa inavyopungua uzito, ndivyo maji yanavyochemka mapema kabla hayajafika nyuzi 100. Kwa kimo cha Mbeya ni kama nyuzi 94. Yanachemka, yanaruka, yanatoa mapovu, lakini moto wake haujatimia. Ndiyo maana miaka minne nimekuwa nikilalamika kwamba chai ya Mbeya ni moto wa macho, na ndiyo maana maharage yanayoliwa saa sita mchana yalipandishwa jikoni kabla mpishi hajalala. Chochote kinachoivishwa kwa maji huku kinadai muda na mkaa zaidi. Mafuta, kwa upande wake, hayajui kama yako Tanga au Mbeya, yanapata moto ule ule. Sasa nenda Mwanjelwa jioni, uhesabu vinavyokaangwa na kuchomwa dhidi ya vinavyochemshwa, kisha uniambie kama ni bahati tu.

Saa moja na robo ndoo zilikuwa zimekwisha. Akakunja blanketi, akasukuma mkokoteni akaondoka, jiwe akaliacha pale pale. Nikadhani amelisahau.

Siku hiyo bosi alinituma benki saa nne, nikapita kona ile ile. Palikuwa na toroli la matunda, mapande ya tikiti na nanasi chini ya nailoni, na chini ya gurudumu lake jiwe lile lile. Jioni nilikuta mwanamke mwenye jiko la kuchomea. Machi huwa anachoma mahindi, lakini Julai anachoma ndizi na viazi vitamu. Jiko lake lina miguu, kwa hiyo jiwe amelifanya kiti. Saa moja usiku akafika kijana wa chipsi na kabati lake la vioo lililowekewa magurudumu. Akamsogelea yule dada, hata hawakusemeshana. Dada akanyanyuka, kijana akalisukuma jiwe kwa ncha ya kiatu mpaka kwenye gurudumu, biashara ikaendelea. Eneo halizidi hatua tatu kwa tatu, wapangaji wanne kwa siku, na jiwe moja la wote.

Kuanzia hapo niliacha kuuliza watu wapi kuna chakula kizuri. Jibu la swali hilo Mbeya halina maana mpaka useme ni saa ngapi.

Hilo nililipia kwa tumbo langu siku ya nne. Yule wa matunda nilikuwa nimeshakula kwake saa nne asubuhi mara mbili, tikiti limekatwa mbele yangu, tamu, baridi kama limetoka kwenye friji. Siku ya nne nikachelewa kutoka, nikapita saa kumi jioni. Toroli ni lile lile, mtu yule yule, tabasamu lile lile. Lakini mapande yalikuwa yameshinda na vumbi, na nailoni imetokwa jasho kwa ndani. Niliyaona hayo yote kwa macho yangu nikala, kwa sababu njaa ni wakili mzuri. Usiku ule nilihesabu hatua za kutoka mlangoni kwangu hadi chooni: ishirini na moja. Simlaumu mtu. Tangu siku hiyo, kabla ya kutazama chakula natazama ndoo ya maji ya kuoshea. Maji yakiwa meupe nakaa. Yakiwa na rangi ya chai ninaaga kwa heshima, ninasema nimekumbuka simu nyumbani.

Sasa nije kwa yule wa chipsi, maana huyo alinipa kazi.

Siku ya pili nilikwenda na kidaftari. Nilishaanza kufikiria kuandika haya, nikaona nikusanye mambo kama mwandishi. Nikamuuliza gunia la viazi ananunua kiasi gani, linatoka wapi, mafuta yanakwisha lita ngapi kwa usiku. Akaacha kukata.

"Kaka, wewe ni mtu wa mapato au wa afya?"

"Si wowote."

"Anayeuliza bei ya gunia kabla ya bei ya sahani si mteja huyo."

Nikatoa kitambulisho cha kazi kumtuliza, nikaharibu zaidi, kwa sababu kina mhuri. Watu waliokuwa wakisubiri wakanitazama jicho la pembeni. Mmoja wao, dereva wa bajaji, ndiye aliyeniokoa: "Mpe kisu amenye. Mtu wa mapato hamenyi viazi." Nikapewa kisu chenye mpini wa mpira wa ndani wa tairi, ndoo ya maji baridi yanayouma mpaka kwenye mfupa, na debe la viazi. Nilimenya karibu saa nzima usiku ule, na usiku mbili zilizofuata nikarudi kumenya bila kuambiwa. Mkono uliolowa maji ya viazi haushiki kalamu, kwa hiyo mengi ya hapa nayaandika kwa kichwa.

Viazi vyake hutoka Umalila, vikikosekana Uporoto, na vyote vinakuja kwa lumbesa, lile gunia lililoshonewa kilemba juu mpaka linakuwa gunia na nusu kwa jina la gunia. Serikali imekuwa ikipiga vita lumbesa miaka na miaka, na kila mwaka kilemba kipo. Akishusha gunia, kwanza anavunja kiazi kimoja, anasugua vipande viwili pamoja na kuvitazama. Povu jeupe zito, anakubali. Maji matupu, anasema hicho ni kiazi cha kuchemsha: "Kiazi chenye maji kinakunywa mafuta yangu bure."

Kisha akaniambia jambo ambalo lilinifanya niache kumenya. Julai wateja wanamlalamikia kwamba chipsi zake nyeusi, mafuta yamezeeka. Mafuta hayana kosa. Viazi vikilala baridini sana, wanga wake unageuka sukari, na sukari ikiingia kwenye mafuta ya moto inaungua rangi kabla kiazi hakijaiva ndani. Yeye hakulieleza hivyo, alisema "kiazi kikipata baridi kinakuwa kitamu, na kitamu kinaungua." Ni jambo lile lile. Kwa hiyo kuanzia Juni magunia yake analaza ndani, chumba anacholala yeye na mkewe, na anayafunika blanketi. Nikakumbuka ndoo za uji. Mbeya ya Julai kila kitu kinapata blanketi kabla ya binadamu.

Anakaanga mara mbili. Mzunguko wa kwanza moto wa kawaida, chipsi zinatoka nyeupe, laini, hazina sura ya kuliwa. Anazirundika upande mmoja wa kabati. Ukiagiza ndipo zinarudi kwenye karai, moto mkali, dakika mbili tatu, zinatoka na ganda. Ukitaka zege anachota za kujaza kikaango kidogo, anapasua mayai mawili kwenye kikombe cha plastiki, chumvi, anazungusha kwa kijiti, anamwaga. Hapo kuna sekunde ambayo ukimsemesha anakasirika, ile ya kugeuza. Anafunika kikaango kwa sahani, anapindua kiganjani, anarudisha upande mbichi chini, na hakuna tone linalodondoka. Nimeijaribu nyumbani baada ya mtungi kujazwa. Sitasema ilikuwaje.

Kwa nini mkaa na si gesi? Niliuliza hilo kwa uangalifu, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa pale kwa ajili ya gesi. Alijaribu. Upepo wa bonde hili, unaopita kati ya Loleza na safu ya Uporoto, ulikuwa unamzimia jiko kila baada ya sahani tatu. Mkaa ukipigwa upepo ndio kwanza unakolea. Mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wamehama kuni na mkaa ifikapo 2034. Nadhani mimi nilishahesabiwa kwenye hao waliohama. Nikiwa nimesimama pale na makoti mawili, nimenyoosha viganja juu ya mkaa wa mtu, niliona bora nisiliseme.

Ndani ya kabati, nyuma ya chupa ya tomato sosi ambayo wekundu wake sijawahi kuuona kwenye nyanya yoyote, kimening'inia kitambulisho cha mjasiriamali mdogo, kile cha shilingi 20,000 kilichoanza kugawiwa Desemba 2018 wakati wa Rais Magufuli. Plastiki imekunjamana kwa joto, jina halisomeki tena. Hakitoi. Anasema kinaleta baraka, kisha anacheka, kwa hiyo sijui. Zamani kabati lake lilikuwa na miguu minne kama kabati la nyumbani. Mwaka 2021, wamachinga walipopangwa upya nchi nzima, naye alipewa sehemu: nzuri mchana, ina paa, ina choo, lakini ikifika saa moja usiku hapiti hata mbwa. Chipsi ni biashara ya usiku. Alivumilia miezi miwili, akaenda kwa fundi kuchomelea, akatoa miguu akaweka magurudumu. Mchana kabati linalala kule alikopangiwa, jioni linatembea. Waliompanga walimpangia mahali, saa hawakumpangia.

"Pilipili kwa mbali au kwa karibu?"

Kwa karibu, mimi mtu wa Tanga. Na ukwaju?

"Ukwaju upo kwenu huko, huku tuna limau." Akanikamulia nusu.

Hili la upwani lilinisumbua siku za mwanzo, nikiri. Ulimi wangu unatafuta nazi, iliki, chachandu ya kumwagia mihogo, na barabara za Mbeya hazinipi. Hapa ni chumvi, limau, moto, na wingi. Mwanzoni niliita umaskini wa viungo. Usiku wa tano hivi, nikila ndizi ya kuchoma iliyotoka Rungwe, imechomwa na ganda mpaka nyama yake imeanza kutoa asali pembeni, sikuona ungetia nini bila kuiharibu. Nazi ni nzuri kwa kitu kilichosafiri siku tatu. Ndizi hii ilikuwa mgombani juzi.

Mishikaki nayo ina adabu yake kwa watu wa dini yangu. Mbeya ni mji wa kitimoto, yaani nyama ya nguruwe, hakuna anayeficha, na jioni Mwanjelwa moshi wa majiko yote unachanganyikana mpaka pua haikusaidii. Kwa hiyo unauliza, na hakuna anayekasirika. "Ya ng'ombe hii, kaka, unayoitafuta iko pale," kijana mmoja aliniambia akinielekeza upande wa pili, akidhani ninaitafuta hiyo nyingine na ninaona haya. Ilibidi nimweleze. Akaomba radhi, akaniongezea mshikaki mmoja wa bure, kisha akabadilisha koleo, jambo ambalo hata sikulidai.

Mchana sina mengi ya kusema. Wali maharage kwa mama lishe nyuma ya soko, kila siku, maana kazini dakika ni arobaini. Maharage ya hapa yanasifiwa mpaka Dar es Salaam na yanastahili. Kuhusu mchele, ukitaka kuvunja meza mwambie mtu wa Kyela kwamba wa Mbarali ni bora. Mimi nakula wowote ninaopakuliwa.

Jumapili nilipanda daladala mpaka Uyole. Pale barabara inagawanyika: moja inateremka Tukuyu, Kyela hadi mpaka wa Malawi, nyingine ni ile kuu ya TANZAM inayotoka Dar es Salaam na kwenda Tunduma na Zambia. Vingi nilivyokuwa nakula mjini vinapita Uyole kwanza. Mikungu ya ndizi, magimbi yakiwa na udongo mweusi wa Rungwe bado, parachichi zilizopangwa tanotano, maziwa kwenye madumu ya njano. Magurudumu hapa ni miguu. Akina mama na vijana wana mabeseni kichwani, na macho yao yako kwenye mabasi.

Nilisimama nao karibu saa mbili kujua wanajuaje basi lipi litasimama. Hawatazami indiketa, dereva anaweza kuwasha na asisimame. Wanamtazama kondakta. Akiwa mlangoni mguu mmoja nje, wanaanza kukimbia hata basi liko mbali. Ukifika dirishani unatoa ndizi kwanza, pesa baadaye, kwa sababu abiria aliyeshika noti anaogopa lakini aliyeshika ndizi ameshakubali. Na chenji uwe nayo mkono wa kulia, imekunjwa kwa mafungu.

Hapo nikakumbuka Makambako. Mwaka wangu wa kwanza, nikitoka likizo, nilinunua mahindi ya kuchemsha kwa dirisha, nikatoa elfu tano, basi likaondoka. Mahindi mawili kwa elfu tano. Nilimsema yule kijana mpaka tunaingia Igawa. Sasa Uyole nikaona upande wa pili wa lile dirisha: dada mmoja aliyeuza kichane akabaki na elfu kumi ya watu, basi linang'oa, anakimbia na chenji ameinyoosha juu, kitenge kinafunguka, wenzake wanampigia makelele. Hakulifikia. Akarudi anahema, akazihesabu zile noti, akazifunga kwenye pindo lake peke yake, mbali na nyingine.

"Utamfanyaje sasa?"

"Akirudi atanijua. Mimi sura yake nimeishika." Akanyanyua beseni. Mguu wa kondakta mwingine ulikuwa nje.

Kurudi mjini daladala lilikwama kwenye upanuzi wa barabara. Walikuwa wanaitanua kuwa njia nne, kilomita 29, kuanzia Nsalaga mpaka Ifisi, na kila palipochimbwa wauzaji walikuwa wamesogea pembeni kama maji yanavyolizunguka jiwe. Nilihesabu watu wa mayai ya kuchemsha tu kwenye foleni ile: saba. Trei begani, kopo la chumvi na la pilipili mfukoni. Foleni nayo ni soko, ina saa zake, na wao wanajua mapema kuliko redio.

Usiku nilikuwa namalizia kwa mzee wa kahawa. Kona si ya Kabwe, ni mtaani kwetu Ilomba, chini ya taa ya duka la dawa linalofunga saa tatu. Anakuja saa tatu kasoro robo, kwa sababu anahitaji kizingiti cha duka kama kiti na hawezi kukaa wateja wa dawa wakiwepo. Birika la shaba, jiko dogo la mkaa chini yake, vikombe vya udongo mweupe visivyo na mikono, ndoo mbili za maji, ya kwanza ya kuosha na ya pili ya kusuuza, na ya pili huwa nyeupe. Nilikagua. Buni ni ya Mbozi. Mzee hakubali kwamba Mbozi si Mbeya tena. Ukimwambia kwamba tangu 2016 iko Mkoa wa Songwe, anakujibu kwamba mkoa umehama lakini mibuni ipo palepale.

Hapa ndipo nilipojikuta nyumbani. Kahawa chungu, kipande cha kashata ya karanga, wazee wawili wanacheza drafti kwa vizibo vya soda, na kijana mmoja wa bodaboda anayewafundisha wote wawili bila kuombwa. Kikombe mia mbili. Unaweza kukaa nacho saa nzima na hakuna atakayekutazama vibaya. Sharti lake ni moja: jambo ukilianzisha umalize. Usiku wa saba nilianzisha habari ya maji kuchemka kwenye nyuzi 94. Walinisikiliza mpaka mwisho kwa heshima zote. Kisha mzee akaweka kidole kwenye kahawa yangu, akakitoa haraka, akasema kama hiyo haijachemka basi nimlipe kidole.

Mshahara uliingia tarehe 28 mchana. Jioni nilibeba mtungi kwa bajaji, nikaubadilisha, na njiani nikamwambia dereva asimame Kabwe kidogo. Saa ilikuwa inakaribia nne usiku. Nilimkuta yule kijana wa chipsi anasugua karai kwa majivu, kabati limebaki na chipsi za kujaza sahani moja, nusu. Nikamwambia nipe hizo.

Akazitazama, akanitazama, akautazama mtungi kwenye kiti cha bajaji umefungwa mkanda kama abiria.

"Hizi nampa mlinzi wa pale," akasema. "Wewe ukiishiwa tena njoo saa moja. Saa hizi mafuta yameshachoka."

Akalitoa jiwe kwenye gurudumu kwa kiatu, akaliacha pembeni kwa ajili ya mama wa uji, akaanza kusukuma.